Roosevelt na Elimu ya Stempu

Wengi wamjuao Franklin Delano Roosevelt humjua kwa mambo makubwa. Alikuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1933 hadi alipofariki mwaka 1945, na alichaguliwa mara nne, jambo ambalo hakuna rais mwingine wa nchi hiyo aliyelipata. Lakini ni wachache wajuao kwamba bwana huyo alikuwa mkusanyaji wa stempu tangu utotoni, na kwamba vijikaratasi hivyo vya posta vilimfunza mengi.

Alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, katika jimbo la New York. Kwa mama yake, Bibi Sara, alikuwa mtoto wa pekee, na hadi alipofika umri wa miaka 14 alisomeshwa nyumbani. Bibi Sara naye alipokuwa mtoto alikaa Hong Kong, ambako baba yake alifanya biashara, na huko ndiko alikoanza kukusanya stempu. Baadaye stempu zake alimpa ndugu yake Frederic. Mjomba huyo alipoona mpwawe ameshikwa na hamu ile ile, akamkabidhi yeye. Franklin alikuwa ameanza akiwa na umri wa miaka minane hivi.

Asiyejua hudhani kazi yenyewe ni kubandua na kubandika tu. Sivyo, ndugu msomaji. Stempu iliyo juu ya bahasha haivutwi kwa nguvu. Kipande cha bahasha hukatwa, kikarowekwa majini hata gundi ikalegea, kisha stempu ikaanikwa mahali penye kivuli. Haishikwi kwa vidole vyenye jasho, bali kwa kibano. Mkusanyaji huhesabu vitobo vya pembeni, na huielekeza karatasi kwenye mwanga kutafuta alama iliyofichika ndani yake. Stempu mbili zaweza kufanana kama pacha, kumbe moja ni ya senti chache na ya pili ni mali. Tena kila jina geni la nchi humlazimisha mtoto kufungua ramani, na kila sura ya mfalme humfanya aulize ni nani huyu na alitawala lini. Roosevelt mwenyewe alikiri kwamba jiografia na historia aliyoijua, sehemu kubwa aliipata humo.

Elimu hiyo ilimfaa siku ya dhiki. Mwezi wa Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alishikwa na maradhi ambayo madaktari walisema ni polio. Miguu ikapooza, wala hakupata tena kutembea bila ya msaada. Katika miezi ile mirefu ya kitandani, stempu ndizo zilizokuwa liwazo lake. Viti vyake vya magurudumu alikuwa navyo hadi mwisho. Kimojawapo alimzawadia Mfalme Abdulaziz wa Saudia, aliyekuwa akisumbuliwa na miguu, walipoonana melini nchini Misri mwezi wa Februari 1945.

Hata alipokuwa Rais hakuziacha. Wizara ya Mambo ya Nje ilimpelekea kila wiki stempu zilizotoka katika barua za nchi mbalimbali, naye alizipanga usiku kabla ya kulala. Stempu zaidi ya 200 zilitolewa kwa idhini yake, na nyingine alizichora mfano wake kwa mkono wake mwenyewe. Lakini pendo hilo lilimletea lawama. Mwaka 1934 Mkuu wa Posta, James Farley, alinunua karatasi za stempu ambazo hazijatobolewa vitobo, akamtunukia Rais na marafiki wengine. Wakusanyaji wa kawaida walilalamika kwamba wakubwa wanapewa kisichouzwa kwa raia. Kelele zilipozidi, serikali ilichapisha nyingine mwaka 1935, zikauzwa kwa kila atakaye.

Wakati wa vita, mwaka 1943 na 1944, Marekani ilitoa stempu 13 zenye bendera za nchi zilizovamiwa, kama vile Poland, Ugiriki, Korea, na Albania yenye Waislamu wengi. Nchi iliyokuwa imemezwa na adui, bendera yake ilisafiri ulimwenguni juu ya bahasha.

Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945. Stempu ya mkutano wa San Francisco wa kuunda Umoja wa Mataifa, alioutazamia sana, ilitoka siku chache baadaye ikiwa na jina lake. Mwaka 1946 stempu zake zilinadiwa, zikaleta zaidi ya dola 200,000. Zilikuwa zaidi ya milioni moja, na nyingi zilikuwa za bei ndogo. Watu walinunua jina la mwenyewe, maana yeye hakukusanya ili atajirike. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1947 nchi ndogo ya Monaco ilitoa stempu inayomwonyesha akizitazama stempu zake. Wenye macho yaliyozoea kazi hii walihesabu vidole vya mkono wake mmoja, wakakuta ni sita. Mchoraji alikosea, na stempu hiyo hadi leo hutajwa na wakusanyaji. Kijana apataye kuiona na aihesabu mwenyewe, maana kutazama kwa makini ndiko mwanzo wa elimu hii.