Gibbs: Alizuiwa kutoa ushahidi, akaja kuwa hakimu

MIFFLIN Wistar Gibbs alikuwa na umri wa miaka 50 wakati wapiga kura wa mji wa Little Rock, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, walipomchagua kuwa hakimu mnamo 1873.

Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa hakimu wa mji katika taifa hilo, miaka minane tu baada ya utumwa kukomeshwa.

Gibbs alizaliwa akiwa huru mjini Philadelphia, Aprili 17, 1823. Babake, aliyekuwa mhubiri, aliaga dunia Gibbs akiwa bado mtoto mdogo, na ikambidi aanze mapema kujitafutia riziki. Alijifunza useremala, na akajiunga na waliokuwa wakiwaficha na kuwasafirisha watumwa waliotoroka majimbo ya kusini.

Mwaka 1850 alifunga safari hadi San Francisco, California, ambako dhahabu ilikuwa imewavuta maelfu ya watu. Mafundi weupe walikataa kufanya kazi pamoja naye, hivyo akageukia biashara. Yeye na mwenzake, Peter Lester, walifungua duka la viatu lililonawiri.

Huko ndiko alikoonja uchungu wa sheria. Siku moja wanaume wawili weupe waliingia dukani na kuzua ugomvi. Mmoja alimcharaza Lester kwa bakora huku mwenzake akiwa tayari na bastola. Gibbs aliyaona yote, lakini hakuwa na pa kupeleka malalamiko, kwa kuwa sheria ya California ya mwaka 1850 ilimzuia mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu.

Badala ya kunyamaza, alishirikiana na wenzake kuanzisha gazeti la Mirror of the Times mwaka 1855 ili kudai haki hiyo.

Kadhalika, wawili hao walidaiwa kodi ya kichwa ilhali hawakuruhusiwa kupiga kura. Walikataa kulipa. Bidhaa zao zilichukuliwa zipigwe mnada, lakini hakuna aliyejitokeza kuzinunua, na zikarejeshwa dukani.

Mwaka 1858 Gibbs alihamia Victoria, katika kisiwa cha Vancouver kilichokuwa koloni la Uingereza. Alifanikiwa katika biashara, na mwaka 1866 wakazi wakamchagua kuwa diwani.

Marekebisho ya katiba ya Marekani ya mwaka 1870 yaliwahakikishia wanaume weusi haki ya kupiga kura. Gibbs alirudi nyumbani na kusomea sheria, kisha akafanya makao yake Little Rock. Aliidhinishwa kuwa wakili na, mwaka 1873, akateuliwa mwanasheria wa kaunti ya Pulaski. Hakudumu katika kazi hiyo kwani mwaka uo huo alishinda uchaguzi wa hakimu.

Mahakama yake ilishughulikia makosa madogo ya mjini, yale yanayomgusa mwananchi wa kawaida kila siku. Mtu ambaye sheria ilikuwa imemfunga kinywa California, sasa ndiye aliyepima ushahidi wa wengine na kutoa hukumu.

Hata hivyo, chama cha Democratic kilitwaa tena mamlaka Arkansas mwaka 1874, na mwaka uliofuata Gibbs akaondoka katika kiti hicho.

Alibaki katika utumishi wa umma. Aliwahi kuwa msajili wa ardhi za serikali kuu mjini humo, na kati ya 1897 na 1901 alikuwa balozi mdogo wa Marekani katika bandari ya Tamatave, Madagascar, kisiwa ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikijua kwa jina la Bukini. Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha maisha yake, Shadow and Light.

Lakini mlango aliopitia kufika mahakamani ulikuwa umeanza kufungwa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1891 iliwatatiza wapiga kura wasiojua kusoma, na mwaka uliofuata Arkansas ikaidhinisha kodi ya kichwa kuwa sharti la kupiga kura. Maelfu ya watu weusi walikosa kura zao.

Gibbs aliaga dunia Little Rock mnamo Julai 11, 1915, akiwa na umri wa miaka 92. Kodi hiyo, sawa na ile aliyokataa kuilipa akiwa muuza viatu, ilikuwa ingali ikitozwa.