Allan Pinkerton: Kachero Aliyejiwekea Sheria Mwenyewe

Leo tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya Allan Pinkerton, mtu ambaye jina lake lilivuma Marekani hata likakaribia kuwa jina la kazi yenyewe ya upelelezi wa kujitegemea. Tunamkumbuka si kwa ushujaa wake tu, bali pia kwa swali aliloliacha nyuma yake: mtu anayelipwa kuchunguza siri za wenzake, yeye huchunguzwa na nani?

Pinkerton alizaliwa mwaka 1819 katika mji wa Glasgow, huko Uskochi. Alikulia katika umaskini, akajifunza ufundi wa mapipa. Katika ujana wake alijiunga na harakati za Chartist, zilizodai kwamba kila mwanamume, hata akiwa fukara, awe na haki ya kupiga kura. Mwaka 1842 alioa, na mwaka huo huo akavuka bahari pamoja na mkewe kwenda Marekani. Baadaye alifungua karakana ya mapipa katika kijiji cha Dundee, jimbo la Illinois.

Ukachero ulimjia kwa bahati tu. Siku moja alikwenda kukata miti katika kisiwa kilichokuwa mtoni, akaona dalili za watu waliokuwa wakikutana pale kwa siri. Alivizia, akagundua kwamba walikuwa watengenezaji wa fedha bandia, akasaidia kuwatia mbaroni. Sifa zake zikaenea. Akafanywa msaidizi wa sherifu, kisha akahamia Chicago, na yapata mwaka 1850 akaanzisha shirika lake mwenyewe la upelelezi.

Hapana budi tuifahamu hali ya zama zile. Mamlaka ya polisi wa mji yalikoma mpakani mwa mji wao, ilhali reli zilivuka jimbo hadi jimbo. Mwizi aliyeiba garini leo, kesho yake alikuwa mbali na mkono wa waliomtafuta. Wenye reli wakamwajiri Pinkerton, naye akawa na watu waliofuata nyayo za wahalifu popote zilipokwenda. Kazi hiyo ilikuwa mpya, na sheria ilikuwa bado haijaiwekea mipaka. Kwa hiyo Pinkerton alijitungia kanuni zake: shirika lisishike kesi za talaka, wala makachero wake wasipokee zawadi zinazotangazwa kwa ajili ya kukamata wahalifu. Alama yake ilikuwa jicho lililo wazi, kuonyesha kwamba shirika halilali kamwe.

Mema aliyoyatenda hayakuwa haba. Mwaka 1856 alimwajiri Kate Warne, anayehesabiwa kuwa kachero wa kwanza mwanamke Marekani. Aliwaficha watumwa waliotoroka, na mwaka 1859 alimsaidia John Brown kusafirisha kundi la watumwa hao kuelekea Kanada. Mwaka 1861, aliposikia habari za njama ya kumuua Abraham Lincoln mjini Baltimore, alimpitisha Rais huyo mteule usiku kwa siri mpaka Washington. Lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, taarifa zake ziliongeza mno idadi ya askari wa Kusini, na Jenerali McClellan aliyezitegemea akazidi kusitasita.

Baada ya vita ndipo ubaya wa nguvu zisizo na mipaka ulipodhihirika. Mwezi Januari 1875, watu wa Pinkerton waliokuwa wakimsaka jambazi Jesse James waliizingira nyumba ya mama yake, jimboni Missouri, wakatupa ndani chombo cha moto, nacho kikalipuka. Jesse hakuwamo. Aliyekufa ni mdogo wake wa mama mmoja, mtoto wa miaka minane, na mama mtu akapoteza mkono. Hakuna kachero hata mmoja aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Katika miaka hiyo hiyo shirika lilimpenyeza mtu wake miongoni mwa wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania, kwa malipo ya wenye mali. Kati ya mwaka 1877 na 1879, watu 20 walinyongwa katika kesi hizo. Hivyo kijana aliyedai haki za wafanyakazi huko Glasgow alifikia uzeeni kuwa mkono wa matajiri dhidi yao.

Pinkerton alifariki mjini Chicago mwezi Julai 1884, nao wanawe wawili wakarithi shirika. Miaka minane baadaye, mwezi Julai 1892, walipeleka watu 300 huko Homestead, Pennsylvania, ambako wafanyakazi wa kiwanda cha chuma walikuwa katika mgogoro na mwajiri wao. Risasi zililia mtoni, na watu wa pande zote mbili wakauawa. Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi, na mwaka 1893 ikapitishwa sheria ya kuikataza serikali kuu kuwaajiri watu wa Pinkerton na mashirika ya aina hiyo. Katika karne ya 20, majimbo mengi yalikwenda mbali zaidi, yakadai kila mpelelezi wa kujitegemea awe na leseni, mwenendo wake wa nyuma uchunguzwe kwanza, na leseni hiyo iweze kufutwa akikosa.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kanuni za Pinkerton zilikuwa njema, lakini aliyezitunga ndiye aliyezisimamia, na ndiye aliyekuwa hakimu wa makosa yake. Yule mtoto wa Missouri hakuwa na mahali pa kudaiwa haki yake. Leseni si karatasi ya kutundika ukutani tu. Ni ahadi kwamba mwenye jicho lisilolala naye ana jicho linalomtazama.