Leo Baekeland

Leo Hendrik Baekeland (Ghent, Ubelgiji, 14 Novemba 1863 – Beacon, New York, Marekani, 23 Februari 1944) alikuwa mkemia na mvumbuzi. Anajulikana hasa kwa kuvumbua bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali.

Maisha

Baba yake alikuwa fundi viatu na mama yake mtumishi wa nyumbani. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Ghent na kupata shahada ya udaktari mwaka 1884. Mwaka 1889 alimwoa Céline Swarts, binti wa profesa wake, kisha wakahamia Marekani.

Huko aliugua na kuingia katika madeni. Akaamua kuacha shughuli nyingine na kukazania jambo moja: Velox, karatasi ya kuchapia picha kwa mwanga wa taa badala ya jua. Mwaka 1899 kampuni ya George Eastman ilinunua uvumbuzi huo kwa fedha nyingi, naye akajenga maabara nyumbani kwake Yonkers.

Bakelaiti

Baekeland alitafuta mbadala wa shelaki, utomvu wa wadudu wa Asia uliotumika kuhami vifaa vya umeme. Alichunguza fenoli na fomaldehaidi. Adolf von Baeyer alikwisha kueleza mmenyuko wake mwaka 1872, lakini zao lake gumu, lisiloyeyuka, lilionekana kuwa uchafu wa kuharibu vyombo.

Baekeland aliona faida katika ugumu huohuo. Molekuli za fomaldehaidi kwanza hujiunga na zile za fenoli. Zikipashwa joto zaidi hushikamana pande zote kama wavu na kutoa maji. Mvuke wa maji hayo huleta mapovu. Watangulizi wake walipunguza joto ili kuyaepuka. Yeye aliongeza joto, lakini ndani ya chombo kilichofungwa chenye kanieneo kubwa. Aliomba hataza tarehe 13 Julai 1907, akatangaza uvumbuzi wake mwaka 1909 na kuanzisha kampuni mwaka 1910.

Urithi

Kwa kuwa bakelaiti huhimili joto na haipitishi umeme, ilitumika katika simu, redio, swichi na vishikio vya sufuria. Hata hivyo, wavu huohuo wa molekuli huizuia isiyeyushwe na kufinyangwa upya, hivyo ni vigumu kuirejeleza.