Mwalimu Nyerere: Miguu iliyofika Mwanza, damu iliyoficha maradhi

MWEZI Oktoba mwaka 1967, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alitoka nyumbani kwao Butiama, mkoani Mara, akashika njia ya kwenda Mwanza kwa miguu. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mbele yake kulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 200, na mwisho wake ulikuwa mkutano mkuu wa chama cha TANU.

Barabara itokayo Mara kwenda Mwanza hupita Bunda, ikafika Lamadi na Nyashimo, kisha ikaendelea hadi Magu. Lamadi ndipo inapochepuka njia ya kwenda Bariadi. Ardhi hiyo ya kando ya Ziwa Victoria leo ni Wilaya ya Busega, mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwa na makao makuu yake mjini Bariadi.

Miaka 32 baada ya matembezi hayo, tena ikiwa ni mwezi Oktoba, mtu yule yule alikuwa amelala katika Hospitali ya St Thomas jijini London, akiugua saratani ya damu. Maisha ya Baba wa Taifa yamesimuliwa mara nyingi kwa upande wa siasa. Ni mara chache yamesimuliwa kwa upande wa mwili wake, ingawa huko nako kuna somo kubwa kwa Watanzania.

Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 huko Butiama, akiwa mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki na mama Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano miongoni mwa wake 22 wa mtemi huyo. Pamoja na kuwa mtoto wa mtemi, alikua kama watoto wengine wa kijijini, akichunga mifugo na kushika jembe.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Kutoka Mwisenge alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, ambako alihitimu shahada ya M.A. mwaka 1952.

Aliporejea nchini alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Inasimuliwa kuwa katika siku hizo alikuwa akitembea kutoka Pugu hadi mjini Dar es Salaam kuonana na wanasiasa wenzake. Mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa Rais wake, na mwaka 1955 aliacha ualimu ili autumikie ukombozi wa nchi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misafara isiyokwisha, mikutano ya hadhara na usiku mfupi. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Itakumbukwa kuwa wiki chache baadaye alijiuzulu uwaziri mkuu, akarudi kwa wananchi kukijenga chama, kabla ya kuchaguliwa kuwa Rais mwishoni mwa mwaka 1962.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, vijana wengi waliliunga mkono kwa kutembea masafa marefu. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki dunia akiwa katika matembezi hayo. Mwalimu hakutaka kubaki mtazamaji. Ndiyo maana Oktoba mwaka huo naye alikwenda Mwanza kwa miguu, akionyesha kuwa kiongozi anayehimiza kujitegemea hana budi kuanza na miguu yake mwenyewe.

Hayakuwa maonyesho ya siku moja. Katika zama za vijiji vya ujamaa alikaa Chamwino, Dodoma, akifanya kazi pamoja na wanavijiji, ikiwemo ya kufyatua matofali. Alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama kulima shamba lake na kucheza bao na wazee wenzake. Mwili wake ulibaki mwembamba na mwepesi hata uzeeni. Kwa yeyote aliyemtazama, huyo alikuwa mzee mwenye afya njema.

Lakini damu ilikuwa na habari nyingine. Mwaka 1998 ilibainika kuwa Mwalimu ana saratani ya damu ya aina sugu, ambayo kitaalamu huitwa leukemia.

Ugonjwa huo huanzia katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, ambako chembe za damu hutengenezwa. Chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, huanza kuzaana bila mpangilio na kuzibana chembe nyingine. Katika aina sugu jambo hilo hutokea polepole. Mgonjwa anaweza kukaa miezi au hata miaka akilima, akisafiri na kula vizuri, huku hesabu ya chembe zake ikipanda kimya kimya.

Hata baada ya kujua hali yake, Mwalimu hakupunguza mwendo. Tangu mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na mazungumzo ya Arusha yaliyoanza mwaka 1998 aliyaongoza huku akiugua. Alikufa kabla hayajakamilika, na kazi hiyo ikapokewa na Mzee Nelson Mandela wa Afrika Kusini.

Wananchi walio wengi hawakuwa na habari. Walisikia kuhusu maradhi hayo katika wiki za mwisho, alipokuwa tayari London. Oktoba 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kuwa Mwalimu hatunaye tena. Alikuwa na miaka 77. Alizikwa Butiama Oktoba 23, mahali pale pale alipoanzia matembezi ya mwaka 1967.

Kwa wengi, mshtuko ulikuwa mkubwa kwa sababu saratani haikuwa jambo la kuzungumzwa hadharani. Wakati huo taasisi pekee mahususi kwa ugonjwa huo nchini ilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa rasmi kama taasisi mwaka 1996. Mwaka 2001, miaka miwili tu baada ya msiba huo, Marekani iliidhinisha imatinibu, dawa ya vidonge iliyogeuza aina moja ya leukemia sugu kuwa ugonjwa ambao wagonjwa wengi wanaweza kuishi nao kwa miaka mingi. Si aina zote zinazotibika kwa dawa hiyo, lakini mlango ulifunguka.

Je, kutembea kwake kote kulikuwa bure? La hasha. Mazoezi si kinga kamili dhidi ya saratani, na umri mkubwa peke yake huongeza hatari ya leukemia. Hata hivyo, mwili uliozoea kazi huhimili maradhi na matibabu vizuri zaidi kuliko mwili uliolegea.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, ambayo hapa nchini ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi. Tafiti mbalimbali zimeonyesha kuwa wanaofanya mazoezi kwa utaratibu baada ya matibabu hupata pumzi zaidi na uchovu wao hupungua. Vipimo vya damu navyo huonyesha mabadiliko: kiwango cha insulini hushuka, na vilevile baadhi ya protini zinazopanda mwili unapokuwa katika msukosuko wa ndani.

Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wa tiba ya michezo walishauri watu waliougua saratani wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, nusu saa kwa siku, angalau mara tatu kwa wiki. Hawakusema kwamba mazoezi yanachukua nafasi ya dawa au ya vipimo.

Hapo ndipo maisha ya Mwalimu yanapowagusa wakazi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Mkulima wa pamba na mfugaji wa Simiyu hawahitaji kufundishwa kutembea. Tatizo lao ni jingine. Mahali ambapo kila mtu anafanya kazi ya nguvu, uchovu huonekana kuwa ni wa jembe, na kukonda huonekana kuwa ni kwa sababu ya jua. Mwenye nguvu huwa wa mwisho kupimwa.

Uchovu usioisha kwa kupumzika, homa za mara kwa mara, mitoki iliyovimba bila maumivu, kupungua uzito bila sababu au uvimbe katika titi ni dalili zinazomtaka mtu aende hospitali mapema. Hesabu ya chembe za damu ni kipimo cha kawaida katika hospitali kubwa. Kwa matibabu ya kibingwa, wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo Mwalimu mwenyewe aliifungua mwaka 1971.

Kila Oktoba Watanzania humkumbuka Baba wa Taifa kwa hotuba na sala. Ingefaa pia wamuenzi kwa mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja: kutembea kama alivyotembea, na kutosubiri kudhoofika ndipo wapime damu. Mwalimu alikuwa na miguu imara kuliko wengi wetu, na bado ugonjwa ulimpata.