John Cade, Daktari wa Jiko Kuukuu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hujafa hujaumbika. Mwaka jana mjomba wangu alirudi kutoka hospitalini akiwa ametulia, mkononi ana mfuko wa vidonge. Kabla ya hapo alikuwa halali usiku, anaimba barabarani, anagawa pesa ovyo sokoni na kujiita tajiri wa dunia nzima. Watoto walimfuata nyuma wakimcheka. Mimi nami, nasema kweli, nikimwona kwa mbali nilipita njia nyingine.

Kwenye pakiti ya vidonge vile palikuwa na neno lithiamu. Nikamwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia maana yake, naye akanisimulia habari za John Cade. Msomaji mpenzi, tega sikio nami nikusimulie.

John Cade alizaliwa tarehe 18 Januari 1912 katika mji mdogo wa Murtoa, jimbo la Victoria, nchini Australia. Baba yake alikuwa daktari aliyekwenda katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi alikuwa amechoka mwili na roho, akaiacha kazi yake ya awali, akaajiriwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Basi John na ndugu zake wakalelewa katika viwanja vya hospitali hizo. Watu ambao wengine waliwakimbia, yeye aliwaona kila siku kama majirani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Melbourne, kisha akafuata nyayo za babake.

Vita vya Pili vilipozuka, Cade aliingia jeshini. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, alitekwa, akakaa kifungoni Changi zaidi ya miaka mitatu kwa njaa na maradhi. Huko aliwaangalia wafungwa wenzake waliorukwa na akili. Akaanza kuwaza: huenda wazimu ni ugonjwa wa mwili kama ugonjwa mwingine wowote. Alipofunguliwa mwaka 1945 alikuwa amekonda sana, lakini wazo lile alirudi nalo nyumbani.

Alipewa kazi katika hospitali ya Bundoora, mjini Melbourne. Siku hizo dawa za kutuliza wazimu zilikuwa chache na dhaifu. Wagonjwa walifungiwa miaka na miaka, wengine walipitishwa umeme kichwani, wengine walipasuliwa ubongo. Cade hakuwa na maabara ya maana. Ati alifanyia utafiti katika jiko kuukuu la hospitali! Chupa za mkojo wa wagonjwa alizihifadhi ndani ya friji ya nyumbani kwake, pamoja na chakula cha familia.

Alidhani mkojo huo una sumu fulani, akawadunga nao simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na panya mnene asiye na mkia. Ili kuyeyusha asidi iliyomo kwenye mkojo, alitumia chumvi ya lithiamu, ambayo ni metali nyepesi kuliko zote. Kumbe! Simbilisi wakatulia tuli, hata ukiwalaza chali hawafurukuti. Wataalamu wa baadaye wamesema huenda dawa iliwazidi tu. Lakini Cade aliona mlango umefunguka. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, aliimeza mwenyewe kwanza.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamume wa miaka 51, aliyekuwa katika fujo na kelele kwa miaka mitano mfululizo. Alianza dawa Machi 1948. Baada ya wiki chache alikuwa mtu mwingine, na Julai akaenda nyumbani, akarudia kazi yake ya zamani. Jamani, ni ajabu iliyoje! Cade aliandika matokeo ya wagonjwa wake katika jarida la madaktari la Australia mwezi wa Septemba 1949.

Lakini ngoja kwanza. Yule mgonjwa alipojiona mzima aliacha vidonge. Januari 1949 alirudishwa hospitalini akiwa vilevile. Akaanzishiwa dawa tena, na mwaka 1950 ikamdhuru, akafa. Kipimo cha kuponya na kipimo cha kuua vilikuwa vimekaribiana mno. Cade aliumia sana, akaacha kuitumia. Huko Marekani nako, watu walikuwa wamekufa mwaka 1949 kwa kutumia lithiamu badala ya chumvi ya mezani.

Wengine walilishika jambo hilo. Edward Trautner na wenzake wa Melbourne walionyesha namna ya kuipima lithiamu katika damu ya mgonjwa, ili isizidi. Huko Denmark, Mogens Schou, ambaye nduguye alisumbuliwa na huzuni kuu, aliifanyia majaribio ya uangalifu kuanzia mwaka 1954. Marekani iliikubali mwaka 1970. Cade mwenyewe aliongoza hospitali ya Royal Park tangu 1952 hadi 1977, akafariki tarehe 16 Novemba 1980.

Nimeyaandika haya kwa sababu moja. Mwezi wa tatu baada ya kurudi, mjomba alisema amepona, akatupa vidonge. Mimi nikamwunga mkono, nikamwambia mtu mzima hahitaji dawa. Wiki kadhaa baadaye alikuwa sokoni tena, anaimba. Majirani wakasema amerogwa. Laiti ningalijua habari za yule mgonjwa wa 1948!

Wenzangu, mkimwona mtu wa namna hii msimcheke, na mwenye dawa msimshauri aziache.

Siku hizi nikitoka shule jioni humpelekea mjomba maji na vidonge vyake, na siku ya kupimwa damu humsindikiza. Juzi aliniuliza kama yule Mzungu aliyeimeza kwanza alikufa kwa dawa hiyo. Nikamwambia la, aliishi miaka mingi baadaye. Akacheka, akameza.