Bibi Titi Mohamed na Njia ya Kutoka Gerezani

Mwezi huu tumeona vema tuwakumbushe habari za mama mmoja ambaye hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa mtu wa huku Kusini. Lakini wazee wa Newala waliokata kadi za TANU wanalijua jina lake. Huyo ni marehemu Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alijulikana kwa sauti yake, maana aliongoza kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 alijiunga yeye na mumewe, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kuwaita wanawake. Aliwaendea katika vikundi vyao vya ngoma, mahali walipokwisha kuzoeana. Kufika Oktoba 1955 wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Baada ya Uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake, akawa mbunge na waziri mdogo.

Azimio la Arusha la 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, hakukubali, akaacha uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wenzake kwa shtaka la uhaini. Kesi ilichukua siku 127, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Sisi hatupendi kuifufua kesi ile. Tunatazama yaliyofuata.

Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimsamehe, akatoka. Akatoka kwenda kwa nani? Mumewe alikuwa amekwisha mwacha wakati wa kesi, na rafiki zake wengi wa siasa walimkwepa. Aliishi kimya karibu miaka ishirini, hata mwaka 1991, nchi iliposherehekea miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama likamtaja tena kuwa shujaa. Mlango wa gereza ulifunguliwa na Serikali. Mlango wa jirani haukufunguliwa na mtu.

Basi, ikiwa mama aliyejulikana nchi nzima aliyaona hayo, je, mama wa kijijini kwetu aliyefungwa kwa kupika nipa ya mabibo? Huenda akakuta mikorosho imeshikwa na wengine, watoto wako kwa wajomba, na nyumba imeanguka.

Serikali hulipa askari wa gereza na chakula cha mfungwa. Tena sheria huitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 4 ni ya wanawake. Lakini mikopo hiyo hupewa vikundi. Kikundi gani kitamwandika mama aliyetoka kifungoni juzi? Tungependa madiwani wetu na mbunge wamfikirie kwa fungu lake mwenyewe: nauli ya kumfikisha nyumbani, mahali pa kulala miezi ya kwanza, na cherehani au mtaji mdogo. Na akina mama wa mtaa wetu wanaweza kumwandika katika kikundi chao hata kabla bajeti haijasomwa.

Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, wakati Rais akiwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ipitayo Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake.