Ernest Hemingway na uvuvi wa samaki wakubwa wa bahari

Ernest Miller Hemingway (Oak Park, Illinois, 21 Julai 1899 – Ketchum, Idaho, 2 Julai 1961) alikuwa mwandishi wa riwaya na hadithi fupi kutoka nchini Marekani. Mwaka 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake kuhusu mvuvi mzee wa Kuba, Mzee na Bahari. Makala hii inahusu hasa maisha yake kama mvuvi wa samaki wakubwa wa bahari kuu, kama vile nduaro, sulisuli na jodari, pamoja na uhusiano wake na pwani ya Afrika Mashariki.

Maisha ya awali

Baba yake, Clarence Hemingway, alikuwa daktari aliyependa kuwinda na kuvua. Kila majira ya joto familia ilikwenda kukaa kando ya ziwa Walloon, jimbo la Michigan, na huko mtoto alifundishwa kutumia ndoana tangu akiwa mdogo sana. Baada ya kujeruhiwa nchini Italia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alifanya kazi ya uandishi wa habari na kuishi Paris. Alianza kuijua bahari kuu mwaka 1928 tu, alipohamia Key West, kisiwa kilichoko kusini kabisa mwa Florida.

Kuanzia mwaka 1932 alivuka mara kwa mara kwenda Havana, Kuba, kuvua nduaro. Hao ni samaki wenye mdomo wa juu mrefu kama mkuki, ambao husafiri pamoja na mkondo wa Ghuba. Wavuvi wa Kuba waliwavua kwa mishipi ya mkono wakiwa katika mashua ndogo, na mmoja wao, Carlos Gutiérrez, ndiye aliyemfundisha tabia za samaki hao: kina wanachopita, miezi yao na chambo wanachokipenda. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Ujuzi ambao baadaye ulimpa Hemingway sifa kwa wataalamu ulitoka kwa wavuvi waliokuwa wakitafuta riziki.

Malindi, 1934

Mnamo Desemba 1933 Hemingway aliteremka Mombasa pamoja na mke wake wa pili, Pauline Pfeiffer, kwa safari ya uwindaji. Mwongozaji wao alikuwa Philip Percival. Waliwinda Tanganyika, katika maeneo ya Serengeti na karibu na Ziwa Manyara, hadi Hemingway alipougua kuhara damu na kupelekwa Nairobi kwa ndege. Safari hiyo ilizaa kitabu kimoja cha kumbukumbu na hadithi fupi mashuhuri inayotaja mlima Kilimanjaro.

Kabla ya kurudi kwao alikwenda Malindi kuvua baharini pamoja na Alfred Vanderbilt na Bror Blixen. Wakati huo uvuvi wa michezo katika pwani ya Kenya ulikuwa bado mchanga. Leo Malindi na Watamu ni kati ya mahali panapojulikana duniani kwa sulisuli.

Mashua Pilar na wataalamu wa Philadelphia

Aliporudi Marekani mwaka 1934 aliagiza mashua kutoka kiwanda cha Wheeler huko Brooklyn, New York. Ilikuwa na urefu wa futi 38, yaani karibu mita 11.6, na bei yake ilikuwa takriban dola 7,500. Aliiita Pilar.

Mwaka huohuo Charles Cadwalader na Henry Weed Fowler, wa Akademia ya Sayansi Asilia ya Philadelphia, walikwenda Havana kuvua naye. Shida yao ilikuwa rahisi kuielezea lakini ngumu kuitatua: hakuna aliyejua kwa hakika aina za nduaro ni ngapi. Makumbusho yalikuwa na vielelezo vichache, kwa kuwa samaki wa kilogramu mia kadhaa haingii kwenye chupa. Hemingway aliwapa nafasi ya kuwapima na kuwachunguza samaki waliovuliwa, na akaendelea kuwaandikia baada ya wao kuondoka. Fowler alitumia taarifa hizo kurekebisha maelezo ya nduaro wa Atlantiki, na mwaka 1935 alimpa samaki mmoja wa miamba jina la kisayansi Neomerinthe hemingwayi kwa heshima yake.

Hemingway mwenyewe alidhani kwamba nduaro weupe, wa buluu, wa milia na weusi huenda ni samaki wa aina moja wanaotofautiana kwa umri na jinsia. Hapo alikosea, kwa sababu ni spishi mbalimbali. Hata hivyo dhana yake ilikuwa na chembe ya ukweli. Nduaro wa buluu wa kiume mara chache hupita kilogramu 160, ilhali jike anaweza kupita 500. Kwa hiyo mvuvi anayetafuta samaki mkubwa wa kupigia picha gatini, karibu kila mara anamuua jike mzazi. Katika usimamizi wa samaki hawa hilo ni jambo zito, nalo halikufikiriwa sana wakati huo.

Bimini na papa

Mwaka 1935 alihamishia Pilar katika visiwa vya Bimini, Bahamas, penye jodari wakubwa. Tatizo la Bimini lilikuwa papa. Samaki aliyevutwa kwa saa nyingi alifika juu akiwa ameliwa nusu. Hemingway alionyesha kwamba jodari anaweza kutolewa mzima ikiwa mvuvi atamvuta kwa nguvu bila kumpumzisha. Lakini pia aliwafyatulia papa risasi kwa bunduki ya rashasha. Katika tukio moja damu ya papa waliopigwa iliwavuta wengine, wakamla nusu nduaro mkubwa aliyenaswa na rafiki yake, mchoraji Henry Strater. Mwaka huo pia Hemingway alijipiga risasi miguuni kwa bahati mbaya alipokuwa akimshughulikia papa.

Ni vigumu kumwita mhifadhi kwa maana ya leo. Aliua samaki wengi kuliko alivyohitaji, na picha zake nyingi zinamwonyesha kando ya samaki walioning'inizwa.

Kanuni za IGFA

Tarehe 7 Juni 1939 Michael Lerner na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York, waliunda Shirika la Kimataifa la Uvuvi wa Michezo, linalojulikana kwa kifupisho IGFA. Mwaka uliofuata Hemingway akawa makamu wa rais wake, na alibaki katika cheo hicho hadi kifo chake.

Kanuni za shirika zilidai mvuvi anase na kumvuta samaki mwenyewe bila kusaidiwa, na zilikataa rekodi ya samaki aliyeraruliwa na papa. Zilitungwa kwa ajili ya ushindani wa haki. Hata hivyo zilileta faida nyingine, kwa kuwa uzito, mahali na tarehe vilianza kuandikwa kwa utaratibu mmoja katika nchi nyingi.

Mzee na Bahari, na Shimoni

Mzee na Bahari kilitokea mwaka 1952, kwanza katika gazeti la Life, ambalo liliuza nakala zaidi ya milioni 5 kwa siku mbili. Kiini chake ni kisa alichosimuliwa na Gutiérrez na ambacho alikiandika kwa ufupi mwaka 1936. Kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1953.

Mwaka huo alirudi Kenya pamoja na mke wake wa nne, Mary Welsh. Mnamo Januari 1954 ndege yao ndogo ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Kesho yake ndege ya pili ilishika moto huko Butiaba. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba amekufa. Akiwa bado na majeraha ya kichwa na ya ndani, alikwenda Shimoni, kusini mwa Mombasa, alikokuwa amepanga kuvua katika mlango wa bahari wa Pemba. Hakuvua sana. Moto wa nyika ulizuka karibu na kambi, naye akaungua alipojaribu kusaidia kuuzima.

Afya yake haikurudi tena kikamilifu. Hakuweza kwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Mwaka 1956 alivua nduaro Cabo Blanco, Peru, kwa ajili ya filamu ya kitabu chake. Mnamo Mei 1960 alikutana na Fidel Castro katika mashindano ya uvuvi yenye jina lake mjini Havana. Baada ya kuugua msongo mkali wa moyo, alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum.

Baada ya kifo chake

Pilar imehifadhiwa katika nyumba yake ya zamani nje ya Havana, ambayo sasa ni makumbusho. Mwanawe Patrick aliishi Tanganyika na baadaye alifundisha katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, karibu na Moshi.

Samaki aliowaandika wamepata adui mkubwa kuliko ndoana ya mwanamichezo. Meli za Japani zenye mishipi mirefu ya maelfu ya ndoana zilianza kuvua Bahari ya Hindi mwaka 1952, mwaka uleule wa Mzee na Bahari. Tathmini za 2018 na 2021 zilionyesha kwamba nduaro wa milia katika bahari hii wamevuliwa kupita kiasi. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli na ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, iliweka mwaka 2018 viwango vya juu vya uvuvi, vikiwemo tani 3,260 kwa nduaro wa milia na tani 25,000 kwa sulisuli. Pia ilikataza kubaki na samaki wa jamii hiyo aliye chini ya sentimita 60, akipimwa kuanzia taya la chini hadi panda ya mkia.

Huko Watamu na Malindi wanamichezo wengi sasa humfunga samaki alama yenye namba na kumwachia, ili atakayemvua tena atoe taarifa ya mahali alipofika. Upande wa Tanzania, leseni za bahari kuu hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar. Kazi ngumu zaidi ni kuhesabu nduaro na sulisuli wanaonaswa kwa jarife na mishipi ya wavuvi wadogo, kwa kuwa hao huteremshwa katika madiko mengi ya pwani na kuuzwa vipande siku hiyohiyo.